Mwalimu Mgeni: Miaka Mitatu ya Kufundisha Kiingereza Rwanda

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule.)



 Mara ya mwisho niliposimama hapa nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa zamu, na sikuitwa kutoa hotuba.

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya maisha baada ya shule. Mada hiyo ni pana, na mimi ni mtumishi wa serikali. Nikiachiwa uwanja mpana naweza kuwasomea waraka mpaka chakula kipoe. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu: habari za miaka mitatu niliyoishi ugenini, nikifundisha lugha ambayo si ya kwetu, kwa vijana ambao si ya kwao pia.

Nilimaliza kidato cha sita hapa mwaka 2000. Baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilifundisha Kiingereza kwa miaka minne katika shule moja ya serikali. Mwishoni mwa mwaka 2008, rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi Kigali alinipasha habari. Mwezi Oktoba mwaka ule Serikali ya Rwanda ilikuwa imeamua kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia. Nchi ile ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ilikuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Madola, ambayo ilipokelewa humo Novemba 2009. Lakini walimu wake wengi walikuwa wamesomea kazi yao kwa Kifaransa. Walihitajika watu wa kusaidia, tena upesi. Wakenya na Waganda walikwisha kuanza kwenda. Nikaomba likizo bila malipo, nikafunga mizigo.

Tulisafiri kwa basi siku mbili kutoka Dar es Salaam, tukalala Kahama, na siku ya pili jioni tukafika Rusumo, mpakani. Wakati ule daraja lilikuwa lile la zamani, jembamba, na maporomoko ya mto Kagera yakinguruma chini yake. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka jina hilo. Mwaka 1994 tulikuwa bado shuleni, na redio ikatuambia kwamba watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja lile ndani ya siku chache kuingia Ngara. Nilivuka nikiwa nakumbuka habari ile. Hata hivyo niliikumbuka kama mtu anavyokumbuka somo la historia, na baadaye mtaona kwamba hilo halikunitosha.

Upande wa pili mambo mawili yalinipokea. Kwanza, ofisa alinivulia mizigo yangu mifuko yote ya nailoni, kwa kuwa kwao ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008. Vitu vyangu vikabaki wazi mikononi: viatu, dagaa, na kitabu cha sarufi. Sisi tulikuja kupiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019. Siku ile nilidhani yule ofisa ananionea. Pili, gari likahamia kulia kwa barabara. Kwa muda wa wiki nzima, kila nilipotaka kuvuka njia, niliangalia upande usiotoka gari.

Kituo changu kilikuwa Musanze, mji ambao wenyeji wengi walikuwa bado wakiuita Ruhengeri, kaskazini, chini ya milima ya volkano. Wale waliozaliwa na joto la Tanga kama mimi watanielewa nikisema kwamba usiku wa kwanza nililala na suruali mbili na sweta, na bado meno yaligongana. Udongo wa kule ni mweusi, na mawe ya volkano yamepangwa kuwa kuta za mashamba. Viazi mviringo, ambavyo wao huviita ibirayi, hulimwa mpaka mlangoni. Nilikula viazi asubuhi, viazi mchana, na usiku viazi na maharage. Mwezi wa pili nilianza kuota wali wa nazi.

Siku ya kwanza ya kazi niliamka mapema, nikafika shuleni saa moja kamili kwa saa yangu. Lango lilikuwa limefungwa na mlinzi anaota moto. Nilikuwa nimesahau kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Nikakaa na yule mlinzi motoni, naye akanifundisha somo langu la kwanza: mwaramutse ni salamu ya asubuhi, mwiriwe ni ya mchana na jioni, na murakoze ni asante. Nikagundua pia kwamba wao huhesabu saa kama sisi, saa moya, saa mbiri. Nikafurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake sokoni.

Nisiwadanganye kwamba Kiswahili kilinitosha. Kilinisaidia sokoni, na kwa madereva waliokuwa wakienda Gisenyi na Goma. Lakini wanafunzi wangu wengi hawakukijua, na kwa baadhi ya wazee kilikuwa lugha ya askari na ya wachuuzi wa mjini. Miaka hiyo hakikuwa bado lugha rasmi kule. Kilifanywa hivyo mwaka 2017. Nilipomsalimu mzee mmoja kwa Kiswahili changu cha kupendeza, aliniitikia kwa adabu na kuondoka zake. Nilipomsalimu kesho yake kwa Kinyarwanda kibovu, alisimama, akaniuliza habari za nyumbani, na kunicheka kwa upendo.

Mambo mengine niliyajifunza kwa kuaibika. Mathalani, jioni moja nilinunua hindi la kuchoma, nikawa natafuna huku natembea, kama tunavyofanya sisi barabara ya kwenda sokoni. Wanafunzi wawili waliniona, wakageuza nyuso. Kesho yake darasa zima lilikuwa linajua kwamba mwalimu mgeni anakula njiani. Kwa Wanyarwanda, mtu mzima hali akitembea hadharani. Hali kadhalika, Jumamosi ya mwisho ya Januari nilijifunika blanketi nikidhani ni siku ya kupumzika. Jirani yangu akagonga mlango, mkononi majembe mawili. Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ambayo kila mtu mzima mwenye nguvu huifanya. Nikamwambia kwamba kwetu Tanga tuna msaragambo. Tukazibua mtaro mpaka karibu saa tano, na kuanzia siku ile watu wa mtaa wetu wakawa wananiita kwa jina.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa Fizikia katika shule yetu, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amefundisha kwa Kifaransa zaidi ya miaka ishirini. Naomba mumkumbuke, maana nitarudi kwake.

Ndugu Mwenyekiti, niseme kidogo juu ya kazi yenyewe. Nilikuta makosa ambayo sikuwa nimeyakuta nyumbani. Kinyarwanda hakitenganishi herufi r na l kama Kiingereza kinavyotenganisha, basi mtoto aliyetaka kuniambia kwamba Jumapili walikula wali aliniambia kwamba walikula chawa. Kifaransa nacho kilikuwa na mitego yake: mwalimu mwenzangu alisema amenunua kitabu maktaba, kwa sababu neno la Kifaransa la duka la vitabu linafanana na neno la Kiingereza la maktaba. Wengi walisema kwa Kiingereza kitu ambacho kwa Kiswahili kingekuwa "nimekwenda jana", kwa kuwa ndivyo Kifaransa kinavyojengwa.

Zaidi ya hayo, Kinyarwanda kina neno moja, ejo, lenye maana ya jana na pia ya kesho. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi. Nilipolijua hilo nikaacha kuwalaumu. Nikawaambia: kwenu kitenzi kinabeba siku, basi fanyeni hivyo hivyo kwa Kiingereza, kitazameni kitenzi kwanza. Somo lililokuwa limenishinda wiki mbili likaeleweka kwa siku moja. Nawaambia walimu walioko hapa, hasa vijana: mwanafunzi haji darasani mtupu. Anakuja na lugha yake, na humo ndimo mna ufunguo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Wiki ya pili niliwapa darasa langu la Senior Four insha ya ukurasa mmoja: "Familia Yangu". Hiyo ndiyo insha niliyopewa mimi kidato cha kwanza, katika jengo lile pale. Nilidhani hakuna mada nyepesi kuliko hiyo. Baba, mama, kaka, dada, maneno ambayo kila anayeanza lugha anayajua. Ilikuwa shule ya bweni, ya wavulana na wasichana, na watoto walitoka pembe zote za nchi. Walikuwa wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Mimi sikuifanya.

Nilisahihisha madaftari yale usiku, kwa wino mwekundu, nikiwa na haraka. Kadhaa yalikuwa na mistari miwili mitatu tu. Daftari la msichana mmoja lilikuwa na sentensi moja. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Familia yangu ni mimi na mdogo wangu wa kiume." Basi. Chini yake niliandika: "Fupi mno. Andika tena."

Asubuhi nilikuwa na rundo la madaftari mezani, katika chumba cha walimu. Yule mwalimu wa Fizikia alikuwa amekaa karibu, akalifungua moja, akalisoma. Alilifunga taratibu. Akaniambia, kwa Kiswahili chake kidogo alichokipata sokoni, "Mwalimu, hii si fupi. Hii ni yote."

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa, nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimevuka daraja la Rusumo nikikumbuka redio, lakini sikuwa nimekumbuka kwamba watoto wa mwaka ule wangekuwa wamekua, wangekuwa wamevaa sare, na wangekuwa wamekaa mbele yangu na kalamu mkononi.

Nilimwambia nitaingia darasani niwaombe radhi. Akanikataza. Alisema: ukisimama mbele ya wote, utawafanya watazamane, kila mmoja amhesabu mwenzake, humo darasani wamo watoto wa kila aina ya nyumba, na wamekubali kukaa dawati moja. Usiwaulize kitu. Wala usiwaonee huruma usoni. Wape kazi nyingine.

Nikafanya alivyoniambia. Nilifuta maneno yangu mekundu kwa wembe mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, nikaandika badala yake: "Nimesoma. Sentensi ni sahihi." Na kwa kweli ilikuwa sahihi, kitenzi kilikuwa mahali pake. Darasani nikawapa mada nyingine: "Kazi Ninayoweza Kuifanya Vizuri". Wakaandika juu ya kukamua ng'ombe, kusuka vikapu, kupanda viazi, kutengeneza baiskeli. Wengine walijaza kurasa tatu.

Yule msichana hakunitazama kwa mwezi mzima, na sikumlaumu. Mwisho wa muhula alibaki nyuma ya wenzake. Nikadhani sasa tutasema juu ya jambo lile. Hakulitaja. Aliniambia mdogo wake yuko darasa la sita, mwakani ataingia sekondari, na masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza ambacho hajakijua. Akaniomba mazoezi ya ziada, ayanakili wakati wa likizo, akamfundishe nyumbani. Nilimpa kitabu changu cha sarufi, kile nilichovuka nacho mpakani mkononi.

Siku ile nilifahamu kwamba nilikuwa nimekosea mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani yeye ni mvivu, na mara ya pili nilidhani ni wa kuhurumiwa. Yeye alikuwa mlezi wa nyumba, mwenye kazi, na alihitaji mwalimu.

Na yule mwalimu wa Fizikia? Yeye naye alikuwa na msiba wake wa namna nyingine. Mtu aliyekuwa akisifiwa kwa ufundi wa kueleza, sasa alisimama darasani akisoma kwenye karatasi maneno ya Kiingereza aliyoyaandika usiku kucha, na vijana waliokulia Uganda walikuwa wakimsahihisha matamshi. Jioni moja aliniambia, "Najua Fizikia, lakini nimenyang'anywa mdomo." Basi tukapatana. Kila jioni, kwenye jiko lake la mkaa, nilimfundisha vitenzi vya maabara: pima, mimina, chemsha, ning'iniza, linganisha. Tulifika kama sitini. Yeye alinifundisha Kinyarwanda, na jinsi ya kuishi na watu: lini mtu anyamaze, mwezi wa Aprili watu wanapitia nini, na kwa nini tarehe 7 ya mwezi huo hakuna muziki. Mwaka 2011 nilipita dirishani kwake nikamsikia akifundisha bila karatasi. Kiingereza chake kilikuwa na Kifaransa ndani yake. Lakini darasa lilikuwa kimya, nao walikuwa wakimsikiliza.

Wakubwa wa kule nao waliendelea kutafuta njia. Mwaka huo huo wa 2011 watoto wa madarasa matatu ya kwanza walirudishiwa Kinyarwanda, na mwishoni mwa 2019 ikaamuliwa tena kwamba waanze kwa Kiingereza. Msinitake niseme ni lipi bora. Nimekwisha kusema kwamba mimi ni mtumishi wa serikali. Nasema tu kwamba kila uamuzi wa namna hiyo, ofisini ni karatasi moja, na darasani ni mwalimu mmoja mwenye miaka hamsini anayejifunza kuzungumza upya. Leo nikiwa mezani kwangu, na karatasi ya aina hiyo ikinipitia, humkumbuka jirani yangu kabla sijatia saini.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Kwa wadogo zetu wanafunzi nina maneno machache. Wengi wenu mtakwenda mbali kuliko mimi, maana siku hizi njia ni nyingi. Mfikapo ugenini, rekebisheni saa zenu kabla ya kulala. Jifunzeni salamu kabla ya kujifunza bei. Siku ya kazi ya mtaa, tokeni na jembe. Na kabla hamjaandika kwa wino mwekundu, ulizeni.

Kwenu walimu, na kwetu sisi tuliosoma hapa: hatuna haja ya kuvuka mpaka ili kumkuta mtoto aliyenyang'anywa mdomo. Kila Januari wanaingia lango lile kutoka shule za msingi za Kiswahili, na asubuhi ya kwanza wanafundishwa Baiolojia kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikaa muhula mzima bila kunyosha mkono, na mwalimu mmoja tu ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa nikijua majibu. Naomba chama chetu kifikirie kununua vitabu vyepesi vya kusoma kwa kidato cha kwanza, na wale wetu wanaoishi karibu waje jioni kuwasaidia. Mimi nitaanza na mchango wangu leo, kwa Mweka Hazina, kabla sijabadili mawazo.

Novemba 2011, yule msichana alipokuwa amemaliza Senior Six, alikuja kuniaga pamoja na mdogo wake, kijana mrefu, mwenye haya, aliyekuwa Senior Two. Nilimsalimu kwa Kinyarwanda. Akanijibu kwa Kiingereza, sentensi tatu zilizonyooka, bila chawa hata mmoja ndani yake. Kisha dada yake akamgusa bega. Siku moja darasani niliwahi kuwaeleza jinsi sisi tunavyowasalimu wakubwa wetu, na kumbe alikuwa amekwenda nalo nyumbani. Kijana akainamisha kichwa kidogo, akaniambia, "Shikamoo, mwalimu."

Nikamwitikia marahaba, nikajifanya naangalia milima.